Nilishukiwa Wizi, Mungu Akanionyesha Mstari Mmoja

Naandika nikiwa Bunia, Kongo, mtaa wa Nyakasanza. Ni mzima, kazi ninayo, na watoto wamelala. Nayataja hayo mapema kwa sababu kuna wakati sikuwa na hakika nayo hata moja. Kama sasa hivi unatuhumiwa jambo usilolifanya, na kila kitu kinaonekana kukuelekea wewe, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Itabidi univumilie nikieleza mambo ya ndani ya kompyuta, maana Mungu aliniokoa humo humo.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Nimezaliwa Bunia na hapa ndipo nilipopata shule, ukiacha ule muda wa mwaka 2003, mwezi wa Mei, mji ulipowaka na mama akatuongoza kwa miguu hadi Beni. Nilikuwa mtoto. Mpaka leo nikisikia watu wanakimbia barabarani, miguu yangu inatangulia kabla ya akili. Baadaye tulirudi, nikasoma, nikaoa, nikapata kazi katika hospitali moja ya hapa mjini. Sitaitaja jina, maana sikuja kumshitaki mtu.

Kazi niliianza mwaka 2021. Mwaka huo huo, mwezi wa Mei, serikali ilitangaza utawala wa kijeshi katika Ituri, mkoa wetu, na Kivu Kaskazini. Gavana akawa mwanajeshi, na kesi za jinai, hata za raia wa kawaida, zikapelekwa kwenye mahakama za kijeshi. Lishike hilo. Utaona kwa nini lilininyima usingizi.

Hospitali ilikuwa na seva moja tu: kisanduku cheusi kwenye chumba kidogo kando ya stoo ya dawa, juu ya meza ambayo mguu wake mmoja ulifungwa kamba. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi, yaani RAM, ilikuwa gigabaiti 8. Humo ilikaa OpenMRS, programu ya mafaili ya wagonjwa iliyoanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, na leo inatumika katika nchi nyingi. Programu hiyo imeandikwa kwa Java na taarifa zake zinatunzwa na MySQL. Malipo ya wagonjwa nayo yaliingizwa humo humo. Keshia anaandika, MySQL inatunza. Kisha kulikuwa na programu nyingine, ndogo, iliyotengenezwa kabla sijafika, ya kukusanya takwimu za mwezi mzima na kutoa ripoti ya kupeleka kwenye zoni ya afya. Hiyo iliamshwa mara moja kwa mwezi, jioni, jenereta ikiwa imewashwa. Mwezi mzima ilikuwa imelala, na hakuna aliyeikumbuka.

Mwanzoni mwa Februari 2022 wanamgambo waliingia kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo, upande wa Djugu, wakaua watu wapatao 60. Mama ana watu wake upande huo. Walionusurika walianza kufika Bunia, wengine kwa lori, wengine kwa miguu, na kadhaa wakafikia kwetu. Nyumba yetu ina vyumba viwili na sebule. Mama hakumkatalia mtu. Kila aliyesimama mlangoni aliambiwa karibu, mtalala. Mikeka iliwekwa hadi chini ya meza ya kulia. Fufu iligawanywa mpaka ikawa ya kuonja tu, na sombe bila samaki, na bado mama alikuwa akitabasamu.

Hospitalini ilikuwa vile vile. Wagonjwa waliongezeka, mafaili yakaongezeka.

Mwisho wa mwezi ule seva ikaganda. Skrini zote zikasimama. Taa ya diski ikawaka bila kuzima, mlinzi akaambiwa abonyeze kitufe, akabonyeza, mashine ikawaka upya, kazi ikaendelea. Tukasema ni umeme. Bunia, kitu chochote kikiharibika, umeme ndio wa kwanza kulaumiwa, na mara nyingi kweli ni wenyewe. Mwezi uliofuata ikawa hivyo tena, na uliofuata tena. Nilibadilisha betri za akiba. Nilisafisha vumbi. Nilikagua nyaya. Daftari la mfumo, ambamo mashine huandika kila kinachoipata, lilikuwa limepangwa tangu zamani likae kwenye RAM tu ili kuipunguzia diski kazi. Kwa hiyo kila kitufe kilipobonyezwa, ushahidi wote ulifutika. Mashine ilikuwa inaamka kama haijui jana.

Kisha hesabu za fedha zikaanza kukataa. Fedha iliyokuwa kwenye kasha ilizidi ile iliyoandikwa kwenye kompyuta. Mara nyingine risiti ya mkono ipo, mgonjwa ameshapona na kwenda nyumbani, lakini kwenye kompyuta malipo yake hayapo. Jumla ikafika dola mia kadhaa. Mhasibu akauliza, na alikuwa na haki ya kuuliza: ni nani anayeweza kufuta malipo ndani ya seva asionekane?

Ni mtu mmoja tu aliyekuwa na neno la siri la seva. Mimi.

Ofisini wakasema nashirikiana na keshia. Kwamba nafuta malipo, tunagawana fedha polepole, na ile iliyokutwa imezidi ni ambayo hatujapata nafasi ya kuichukua. Kwamba seva haigandi yenyewe, naigandisha mimi ili kuficha. Nilipolisikia lile jambo mara ya kwanza nilicheka. Nilidhani ni mzaha.

Haikuwa mzaha. Ijumaa moja nikapewa barua ya kutakiwa maelezo. Mshahara umesimamishwa. Pamoja na barua, karatasi nyingine iliyokwisha kuchapwa tayari: ninakiri, nitalipa kidogo kidogo. Nitie sahihi tu. Nisipotia hadi Jumatatu, jambo litapelekwa mbele.

Mbele ni wapi? Nimekwisha kukuambia. Wakati ule raia alikuwa anasimama mbele ya hakimu mwenye sare.

Nilitoka. Jua lilikuwa kali. Sikupanda pikipiki, nilitembea. Watu walinisalimu, sikujibu. Nilifika nyumbani, nikakuta sebule imejaa watoto wa wageni. Nikaingia chumbani. Nikakaa sakafuni. Sikulia. Mikono ilikuwa baridi.

Usiku ule sitausahau. Mbwa alibweka, nikasema wamekuja. Gari lilipita, nikasema wamekuja. Nilianza kupiga hesabu za kipumbavu. Nikitia sahihi, nitabaki na kazi. Nikitia sahihi, ni mwizi maisha yangu yote. Nisipotia, watoto watakula nini? Nani atawalisha hawa wote waliolala chini ya meza yangu? Nikafikiri kuvuka ziwa kwenda Uganda. Nikafikiri pia mambo mengine, mabaya zaidi, ambayo sitayaandika. Nilikuwa nimefika chini kabisa. Sikuweza hata kuomba. Nilisema tu, Bwana. Halafu kimya. Bwana. Halafu kimya.

Mke wangu alikuwa macho. Hakuwasha taa. Akasema, "Baba watoto, umeiba?"

Nikasema hapana.

"Basi usitie sahihi. Tutakula mboga za lenga-lenga."

Alfajiri mama alikuwa ameshapata habari, sijui kwa nani, maana katika nyumba yenye watu wengi namna ile hakuna siri. Alitangaza mfungo. Wageni wote walifunga, hata wale waliokuwa wamekula kidogo sana wiki nzima. Wazee wa kanisa walikuja Jumamosi mchana, wakaimba, wakaniwekea mikono. Na dada yangu mkubwa, yule anayeuza samaki wa Kasenyi sokoni, alinitumia vocha ya simu bila neno lolote. Kwa vocha ile nilimpigia rafiki niliyesoma naye, ambaye siku hizi anafanya kazi ya seva Kampala.

Nilimweleza yote. Akasikiliza. Akaniuliza swali moja tu: "Inaganda lini?"

Mwisho wa mwezi, nikasema.

"Mwisho wa mwezi kunaendeshwa nini ambacho siku nyingine hakiendeshwi?"

Nikanyamaza. Ripoti.

Jumatatu nilikwenda ofisini bila sahihi. Nilimwomba Daktari Mkurugenzi jambo moja: tungoje mwisho wa mwezi, uliokuwa karibu, na siku hiyo mhasibu mwenyewe akae kwenye kiti cha seva. Mikono yangu isiguse kibodi. Mimi nitasema cha kuandika, yeye ataandika. Daktari alinitazama kwa muda. Akakubali. Namshukuru hata leo, maana angeweza kukataa na hakuna ambaye angemlaumu.

Jioni ile tulikuwa watatu: mimi, mhasibu na mlinzi. Mlinzi aliambiwa kwamba leo, hata mashine ifanyeje, asiguse kitufe. Mhasibu aliandika amri ya dmesg ya kufuatilia papo hapo maneno ya kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, na kwenye dirisha la pili tukafungua orodha ya programu na kumbukumbu inayotumiwa na kila moja. MySQL ilikuwa juu kabisa ya orodha, imetulia na gigabaiti zake. Keshia chini alikuwa anaendelea kupokea wagonjwa. Mfanyakazi wa takwimu, tuliyemwita Mama wa takwimu, akaamsha ripoti.

Namba zikaanza kupanda. Ripoti ilikuwa inazaa watoto, programu ndogo moja kwa kila huduma: wagonjwa wa nje, uzazi, watoto, maabara. Kila mmoja anabeba mafaili ya miaka yote mara moja. RAM ikajaa. Taa ya diski ikawaka, haizimi. Skrini ikasimama. Mlinzi alinitazama mimi, akatazama kitufe. Nilisema ngoja. Mhasibu alikuwa anatokwa jasho. Nilisema tena ngoja.

Mstari ukatokea. Ulianza hivi: «Out of memory: Killed process», kisha namba, kisha kwenye mabano jina la aliyeuawa: mysqld.

Programu iliyofanya fujo ilikuwa ripoti. Iliyouawa ilikuwa MySQL. Simu ikalia chini: keshia anasema malipo aliyokuwa anaandika yamepotea.

Niliketi. Hapo ndipo nilipolia.

Sasa nikueleze, maana huenda seva yako ina ugonjwa huo huo. Kerneli ya Linux inafanya kama mama yangu mlangoni. Programu ikiomba kumbukumbu, inaambiwa karibu, hata kama nafasi haipo, kwa sababu wengi huomba zaidi kuliko wanavyotumia. Nafasi ya kweli inatafutwa pale mgeni anapotaka kulala. Kwa kawaida inatosha. Lakini usiku ambao wote wanataka kulala kwa pamoja na mikeka imekwisha, kerneli inafanya jambo ambalo mama hawezi kulifanya: inamtoa mtu mmoja nje. Haimtafuti aliyechelewa kufika wala mwenye fujo. Inampa kila mmoja alama, na alama hiyo kwa sehemu kubwa inatokana na ukubwa wa nafasi aliyoishika. MySQL ilikuwa kubwa kuliko kila mtoto mmoja mmoja wa ripoti, basi ikatolewa. Inapigwa ishara namba 9, ambayo programu haiwezi kuizuia wala kuisikia, na haipewi hata nafasi ya kuaga. MySQL ikiamka tena inajitengeneza vizuri, yaliyokwisha kuthibitishwa yote yapo. Yale yaliyokuwa katikati ya kuandikwa ndiyo hayapo. Keshia amekwisha kutoa risiti ya mkono, ameweka fedha kwenye kasha, na kwenye kompyuta hakuna kitu.

Kesho yake mhasibu, bila kuambiwa na mtu, alichukua vishina vya vitabu vya risiti vya miezi yote ile. Alikaa navyo siku nzima. Kila malipo yaliyokosekana yalikuwa ya jioni ya mwisho wa mwezi, saa ya ripoti. Fedha haikuibiwa hata franka moja. Alikuja chumbani kwangu, akasimama mlangoni, akasema, "Mdogo wangu, nisamehe." Nilishindwa kumjibu, nikampa mkono.

Kumwondolea mtu tuhuma ni jambo moja, kuizuia mashine isirudie ni jingine. RAM ya ziada ilibidi itoke Kampala kupitia Mahagi, na kwa barabara ile tungengoja sana. Rafiki yangu akasema tusingoje: tuiwekee ripoti kikomo.

Tulianza na njia ya zamani, ulimit, ambayo mizizi yake iko kwenye Unix. Ni nzuri, lakini inahesabu prosesi, yaani programu inayoendeshwa, moja moja. Kila mtoto wa ripoti alipewa kikomo chake, hakuna aliyekivuka, na wote pamoja bado walijaza nyumba. Kikomo cha namna hiyo kinafaa kwa programu inayofanya kazi peke yake. Kwa ukoo mzima hakifai.

Kwa ukoo kuna cgroups. Kazi hiyo ilianzishwa mwaka 2006 na wahandisi wawili wa Google, Paul Menage na Rohit Seth, ikaingia kwenye Linux toleo la 2.6.24 mwezi wa Januari 2008, na sehemu ya kuhesabu kumbukumbu ikafuata mwaka huo huo. Prosesi zinawekwa kwenye kundi na kumbukumbu yao inahesabiwa kwa jumla. Anayezaliwa ndani ya kundi anabaki ndani ya kundi. Tuliifanya ripoti iwe huduma chini ya systemd, msimamizi wa huduma za Linux, na kwenye faili lake tukaandika MemoryHigh ya 1200M na MemoryMax ya 1500M. Ikifika ya kwanza, kerneli inaipunguza mwendo na kuisukuma irudishe inachoweza kurudisha. Ikifika ya pili na hakuna cha kurudisha, anauawa mmoja wa humo humo ndani ya kundi, nje hakuguswi mtu. Tukaweka pia MemorySwapMax kuwa 0, isije ikahamia kwenye diski na kugandisha wote. Na kwa MySQL tukaandika OOMScoreAdjust ya -900, katika kipimo kinachoanzia -1000 hadi 1000, ili hata siku ikitokea balaa jingine, yeye awe karibu wa mwisho kuchaguliwa. Daftari la mfumo nikalihamishia kwenye diski. Hilo peke yake lingeniokoa mapema, kama lingekuwepo.

Mwisho wa mwezi uliofuata tulikaa tena. Sikuwa nimekula tangu asubuhi. Ripoti ikapanda, ikapanda, ikafika kikomo. Mstari ukatokea na moyo wangu ukasimama, maana maneno yalifanana. Nikasoma tena, polepole: «Memory cgroup out of memory». Na kwenye mabano hakukuwa na mysqld. Kulikuwa na jina la ripoti. Nikampigia keshia. Akasema, "Mbona unapiga? Mimi naandika tu hapa."

Mama wa takwimu alinuna, na si bure, ripoti yake ilikuwa imekufa. Tuliikata iende wiki kwa wiki, na huduma moja baada ya nyingine badala ya zote kwa mara moja. Sasa inachukua muda mrefu zaidi, na inamalizika. RAM ya Kampala ilifika baadaye sana. Kikomo hatukukiondoa.

Mshahara uliokuwa umezuiwa nililipwa. Keshia naye alirudishiwa heshima yake mbele ya wafanyakazi wote, na kwangu hilo lilikuwa kubwa kuliko mshahara. Wageni wetu wengine wamepata pa kukaa, wengine bado tuko nao. Kanisani nilisimama nikashuhudia, na wengi hawakuelewa habari ya kerneli, lakini walipiga makofi waliposikia fedha ilikuwepo yote.

Nisikudanganye kwamba hofu imekwisha. Mwisho wa mwezi ukifika sipati usingizi mzuri. Simu ikilia usiku, mikono inakuwa baridi kwanza ndipo naipokea. Mke wangu anajua, ananiwekea chai bila kuuliza.

Na wewe uliye ndani ya jambo lako usiku huu, nakuomba haya. Usitie sahihi karatasi iliyochapwa na mwingine kuhusu moyo wako. Mwambie wa nyumbani kwako kabla hakujakucha. Omba yule anayekushuku akae kando yako, aandike kwa mikono yake, aone kwa macho yake. Kama ni seva, usiruhusu mtu abonyeze kitufe kabla hujausoma ule mstari. Kula, hata kama ni lenga-lenga. Mimi sikujui jina, lakini kila mwisho wa mwezi, saa ripoti inapoanza, nakutaja mbele za Mungu.